Dell OptiPlex 3060 Micro ya mtumba: rivyuu ya mke na mume wanaotumia kompyuta moja sebuleni

Nimeulizwa sana kuhusu hiki kikompyuta chetu, kila mgeni akikaa kwenye sofa anaangalia chini ya meza anatafuta CPU haioni, hata fundi wa king'amuzi aliuliza, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja. Mapema kabisa niseme msimamo wangu: kama mko wawili, mnaishi chumba na sebule au vyumba viwili vya kubana, na hela ni ya kununua kompyuta moja tu, achaneni na laptop. Nunueni dude la kukaa mezani. Najua wengi watabisha, laptop ni ya kisasa, unabeba, ina betri yake, sawa, lakini ngoja niwaambie.

Laptop ina mwenyewe. Hata mkichanga hela nusu kwa nusu mkakubaliana ni ya nyumba, anayeibeba ndo inakuwa yake. Yetu ilikuwa hivyo. Baba Junior ni mwalimu wa sekondari, anafundisha hesabu na fizikia, asubuhi anaiweka kwenye begi anaondoka nayo, jioni inarudi betri imekufa, imechomekwa flash za shule nzima, na mimi kutwa nimekaa na mahesabu ya watu kwenye simu nakuza kuza kwa vidole viwili. Mimi nafanya uhasibu mdogo mdogo nikiwa nyumbani, naandalia ritani wenye maduka ya vipodozi, vifaa vya ujenzi, kuna mama mmoja ana salun mbili. Tarehe 7 kuna PAYE, tarehe 20 kuna VAT, TRA hawajali kama mume wako ana kipindi cha mwisho saa tisa. Usiku nikiipata nayo inahamia kitandani, yeye anataka aimalizie palepale kwenye mto, mwanga usoni, mtoto anaamka. Kompyuta inayokaa mezani haina habari hizo. Iko pale, haiendi shule, haiji kitandani, anayekaa kwenye kiti ndo anayeitumia, akiinuka basi.

Sasa kifaa chenyewe. Ni Dell OptiPlex 3060 Micro, toleo la 2018, hizi zilikuwa za maofisini huko Ulaya na kwingine, zikichoka wanazibadilisha kwa mkupuo ndo zinatufikia sisi Kariakoo. Ukubwa wake ni kama sentimita 18 kwa 18, unene hazifiki hata 4, uzito kilo moja na kidogo. Yetu ina Core i5-8500T, hiyo T mwishoni maana yake ni prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kula umeme kidogo, watt 35, ina koa 6. Ilikuja na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya 8GB na SSD (diski ya kuhifadhia mafaili) ya 256GB. Tulilipa laki nne na nusu, monita ya inchi 22 ya mtumba tukaongeza laki na nusu, kibodi na mausi wakatupa vya nyongeza, kibodi herufi N imefutika ila inaandika. Bei zinapanda na kushuka, usiende na yangu ukagombana na muuzaji.

Kwa nini 3060 na siyo 3050 ambayo inauzwa rahisi zaidi na kwa macho zinafanana kama mapacha? Windows 11. Microsoft walisimamisha masasisho ya bure ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel Windows 11 inataka prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha chache sana za kabla yake. 3050 ina kizazi cha 6 na 7. Watu wanalazimisha kwa njia za panya na inaingia, lakini mimi naweka humo TIN za watu na hesabu zao za benki, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, siwezi kukaa na kitu cha kulazimisha halafu siku kikivuja niseme nilibana laki moja. Kwa hiyo angalia namba: i5-8 na kuendelea, hiyo 8 baada ya kistari ndo kizazi. Muuzaji akikwambia "zote ni i5 dada" mwambie asante.

Mambo mawili yalitusumbua mwanzoni na yote ni ya dukani, siyo ya mashine. La kwanza haikuwa na kadi ya waifai. Hizi za maofisini nyingi zilikuwa zinatumia waya tu, kadi ya waifai ilikuwa ya kuagiza, sasa nyumbani kwetu intaneti ni ya hotspoti au karauta kadogo ka laini, waya wa nini. Tukanunua kile kidude cha USB cha waifai, kinafanya kazi, ila uliza kabla hujalipa. La pili ni adapta. Hii mashine inatumia adapta ya nje kama chaja ya laptop, ya Dell, volti 19.5 watt 65, na katikati ya pini yake kuna kisindano chembamba ambacho kinaiambia kompyuta hii chaja ni watt ngapi. Dukani walitupa adapta ya kuokoteza. Ikawaka vizuri, ila kila ikiwaka inaandika kwamba haiitambui adapta, tunabonyeza kuendelea, halafu inaenda kama konokono. Excel ya mistari mia tatu inafikiria. Baba Junior akafungua Task Manager akakuta prosesa iko chini ya GHz 1 na haipandi hata ukiichapa kazi gani. Ndivyo Dell walivyoitengeneza, isipoijua chaja inajibana makusudi isije ikavuta umeme kuliko chaja inavyoweza. Tulivyorudi dukani na kubadilishiwa adapta ya kweli ikawa kama kompyuta nyingine. Sasa fikiria wangapi wamenunua, wakaiona nzito, wakamuuzia jirani kwa hasara.

Tuje kwenye nafasi, maana hapa ndo dude hili linanifurahisha. Sebule yetu ina sofa la watu watatu, sofa la mtu mmoja, meza ya kioo, TV, friji (ndiyo, friji iko sebuleni, jikoni ni kibaraza) na baiskeli ya Junior. CPU ya kawaida ile ya kusimama ingekaa wapi, ungeshangaa imegeuzwa stuli. Hii inafungwa nyuma ya monita kwa kibreketi chenye skrubu nne, yale matundu manne nyuma ya monita kazi yake ndo hiyo. Meza tulichongesha kwa mafundi wa Keko, urefu sentimita 80, upana 50, tukamwambia aweke na droo moja tu, na hiyo droo moja ikawa kesi kwa sababu kila mtu anataka iwe yake. Saizi droo ni ya risiti zangu na yeye kachukua ukuta, amepigilia kijibao anaweka vitabu na skripti za kusahihisha. Kiti ni cha plastiki kile cha kawaida chenye mto wa sofa juu. Sijafika kwenye kununua kiti cha ofisi, na nikikinunua kitajaza njia ya kwenda chumbani.

Ubaya wa kufunga nyuma ya monita ni kwamba kitufe cha kuwashia kinakuwa nyuma huko unapapasa, na matundu ya USB ya mbele, yapo mawili, nayo yanaangalia pembeni au juu inategemea umeifungaje. Sisi tuliifunga yakaangalia juu, vumbi linaingia, baba Junior anaiweka kitambaa, namwambia toa kitambaa inapumulia wapi. Joto la Dar mwezi wa pili siyo mchezo, feni yake ndogo ikianza kulia unaisikia kwenye kona, siyo kelele ya kutisha lakini usiku uko kimya unaisikia.

Haya, sasa matumizi ya watu wawili. Hapa niandike kwa kirefu kwa sababu watu wananunua kompyuta ya familia wanaiacha na akaunti moja, paswedi 1234 imeandikwa kwenye karatasi chini ya kibodi, wote wanaingia humohumo. Desktop imejaa, "marks form 3 final", "marks form 3 final mpya", "RITANI MAMA SALUN", picha za send-off, faili la katuni. WhatsApp yako iko wazi kwenye kompyuta, mwenzio kakaa kutafuta kitu gugo, ujumbe unaingia juu. Hakuna aliyepekua, lakini kimeonekana.

Kwa hiyo fungueni akaunti mbili za Windows. Ni kazi ya dakika chache, unaingia Settings, Accounts, unaongeza mtu, basi. Kila mtu na desktop yake, Chrome yake, mafaili yake, WhatsApp yake. Ukiinuka unabonyeza kitufe cha Windows na L, inajiloki, mwenzio anachagua jina lake anaingia. Ikawa ndo tabia ya hapa nyumbani, hata kama naenda kuangalia maharage tu natia loki.

Sasa ngoma ikawa paswedi. Siku namwambia baba Junior kila mtu aweke yake aliniangalia yale macho mnayoyajua. "Mama Junior, unaficha nini?" Nikamwambia baba Junior, mtihani wa moko wa wanao ukivuja utawaambia ukaguzi kwamba mke wako alikuwa anatafuta mishono ya vitenge gugo ukaonekana mezani? Akanyamaza. Maana yeye ndo mwenye siri nzito kuliko mimi, anatunga mitihani, na Junior ana binamu zake wako form 4 hapo mtaa wa pili wanakujaga kuangalia mpira. Na mimi wateja wangu wananiamini na mauzo yao, kuna wawili wana maduka yanaangaliana, mume wangu ananunua saruji kwa mmojawapo, ya nini ajue mwenzake anauza shilingi ngapi. Mke na mume mko kitu kimoja nakubali, lakini mahesabu ya mteja hayajaolewa humu ndani. Tulichofanya, paswedi zote mbili zimeandikwa kwenye karatasi, ziko kwenye bahasha pamoja na vyeti vya kuzaliwa na kadi za benki, lolote likitokea mtu anajua pa kuangalia. Sijui nyumba za wengine, kwetu ugomvi uliisha hapo.

Akaunti ya tatu ni ya wageni na mtoto, hiyo iwe ya kawaida isiyo na mamlaka ya kuingiza programu, maana shemeji yangu akija kutoka Morogoro ana kipaji cha kupakua vitu. Ikitaka kuingiza kitu inaomba paswedi ya mkubwa, na mkubwa ni mimi.

Lipo moja lazima mlijue kwenye akaunti mbili. Ukitia loki mwenzio akaingia, wewe hujatoka, kila kitu chako kimebaki wazi kwa ndani. Tabo zako za Chrome thelathini ziko hai zinakula RAM, na yake thelathini zinaongezeka. 8GB haitoshi kwa ndoa. Kwa mtu mmoja inatosha vizuri tu, kwa wawili walioingia pamoja ikawa inakwama kwama, tukaongeza kijiti kingine cha 8 ikawa 16, na ni nyororo mpaka leo. RAM yake ni DDR4 ya laptop, vile vifupi vya SODIMM, usidanganyike na jina la desktop ukanunua ndefu. Kufungua ni skrubu moja nyuma kifuniko kinateleza, nafasi za RAM ziko mbili, inabeba mpaka 32GB. Na humo ndani kuna sehemu ya SSD ya M.2 na sehemu ya diski ya inchi 2.5, kwa hiyo picha zikijaa unaongeza diski bila kuitoa ya kwanza. Kwa kamashine ka ukubwa huo nimewavulia kofia.

La pili kwenye hilohilo, kurestati. Siku moja nina ritani ya yule mama wa salun iko wazi kwenye Excel, nimetia loki nimeenda kumwogesha mtoto. Baba Junior kaingia kwake, kaona Windows inataka kurestati imalize kusasisha, kabonyeza. Windows ikamwambia kabisa kwamba kuna mtu mwingine bado anatumia kompyuta hii na anaweza kupoteza kazi yake. Akabonyeza endelea. Nilivyomuuliza anasema "nilijua ni maneno yao ya kawaida". Excel ilirudisha baadhi, siyo yote, na usiku ule nilirudia kuingiza risiti za mwezi mzima za dawa za nywele yeye akiwa ameshika chai ananiletea kila baada ya nusu saa bila kuombwa. Toka hapo akaunti yake nikaishusha cheo ikawa ya kawaida, haisaidii sana maana kurestati bado anaweza, ila roho yangu ilitulia.

Umeme. Kwa LUKU hii haina shida, hata ikivuta watt 65 zote za adapta masaa nane ni nusu uniti na kidogo, na kwa kazi za kawaida haifiki hapo hata karibu, monita nayo ina zake lakini siyo pasi wala jagi la maji ya moto. Shida ni umeme ukikatika, hapa laptop inashinda bila ubishi, hii inazima papo hapo. UPS, lile boksi la betri ya akiba, ni lazima, ihesabuni kwenye bei toka mwanzo. Yetu ni ya 650VA, kwa mashine ndogo kama hii inatupa muda wa kutosha kusevu na kuzima taratibu, hata kumalizia ukurasa. Ila inapiga alamu. Umeme ukikatika saa tano usiku inalia pii, pii, pii sebuleni na ukuta wetu na chumbani ni tofali moja, mtoto huyo kaamka. Kama mnanunua ulizeni inayoweza kuzimwa sauti, zipo.

Ratiba yetu iko hivi japo haijaandikwa popote. Mchana ni yangu, yeye yuko shule. Akirudi nampisha mpaka taarifa ya habari, anaandaa masomo, anaingiza alama. Baada ya hapo anayehitaji zaidi. Tarehe 18 mpaka 20 usiku ni wangu na haongei, mwisho wa muhula wakati wa ripoti ni wake na mimi siongei. Siku ya Simba na Yanga kompyuta ni ya mwenye moyo, maana TV iko hatua mbili kutoka kwenye meza na sebule imejaa wanaume, nilijaribu kukaa na headphone (tundu liko mbele, spika ya maana haina) lakini goli likiingia wanatikisa mpaka meza. Siku hizo nafanya kazi asubuhi au naacha. Mgeni akilala sebuleni pia imekula kwangu, huwezi kuwasha mwanga juu ya kichwa cha shemeji. Hapo ndo naikumbuka laptop kidogo, nisidanganye.

Mapungufu mengine haraka haraka: haina kamera wala maiki, vikao vya Zoom vya walimu anafanyia kwenye simu aliyoiegemeza kwenye kikombe. Nyuma ina HDMI moja na DisplayPort moja, monita nyingi za mtumba zinakuja na VGA, mnaweza kuhitaji kibadilishi. Magemu makubwa sahau. Kuhariri video ndefu itakutoa jasho, picha na video fupi za status inamudu.

Kwa bei niliyolipa naipa nne kwa tano, hiyo moja nimekata kwa kadi ya waifai na kwa kitufe kile cha kupapasa.

Mkienda kununua nendeni wote wawili, msimtume mmoja, maana anayenunua peke yake akirudi nayo inaanza kuwa yake. Mwambieni muuzaji aiwashe mbele yenu na adapta ileile atakayowapa, isiandike onyo lolote ikiwaka. Abonyeze F2 muone kama inaingia bila kudai paswedi, zilizotoka maofisini zingine zina paswedi ya BIOS, yaani ya mipangilio ya ndani ya mashine kabla ya Windows, hakuna anayeijua. Abonyeze F12 achague diagnostics ijipime yenyewe, inachukua dakika kadhaa, msimwonee huruma anayesema ana foleni. Halafu funguo za zile skrubu nne za monita ombeni hapohapo, sisi tuliazima bisibisi kwa fundi redio wa jirani na mpaka leo anaidai.